Upole wa Miezi Mitatu

Siku ya hitma ya baba, kule Madale, watu walipokwisha kula na wanaume wameanza kukunja majamvi, Mjomba Pazi alisimama kwenye mlango wa sebule kuwaaga wanawake. Ni mzee sasa, anatembelea fimbo, lakini sauti yake bado ni ileile ya mtu aliyezoea kusema kwa niaba ya wengine. Bi Rehema, mjane wa baba, alikuwa amekaa kwenye godoro pembeni, ameshaingia eda, kajitanda shuka jeupe. Ubavuni pake alikuwa mama yangu, ambaye baba alimwacha mimi nikiwa kidato cha nne, akimpepea mwenzake kwa kipepeo cha ukili. Mjomba akawatazama, akatikisa kichwa kwa raha.

"Mnawaona hawa?" akawauliza waliobaki. "Huyu kaachwa, huyu kaolewa, na leo wamekaa godoro moja. Hamkusikia mahakama, hamkusikia mjumbe kaitwa, hamkusikia mtu katukaniwa mama yake. Tulikaa, tukazungumza, tukala, tukamaliza. Nyie wa siku hizi mkitaka kuachana njooni niwafundishe."

Wanawake wakacheka kicheko cha msibani, cha chini chini, wakasema kweli mjomba. Jirani mmoja nisiyemjua jina akaongeza kwamba hata watoto hawakuyumba, akanitazama kwa upendo kabisa. Mimi ndiye watoto hao. Tuko wawili, mimi na mdogo wangu Shabani, lakini Shabani wakati ule alikuwa bado anavalishwa kaptula na mama, kwa hiyo kusema kweli watoto hao ni mimi peke yangu. Nikachukua sinia, nikatoka nalo uani, nikaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Sifa hiyo nimeisikia zaidi ya nusu ya umri wangu. Kwenye kila harusi na kila msiba wa ukoo wetu, likizuka la mtu kuachana na mkewe, wazazi wangu hutajwa kama watu wanavyomtaja fundi mzuri: nenda kwa fulani, utamaliza salama. Na sina cha kubisha, ndiyo maana nakasirika. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyefukuzwa, hakuna aliyedhulumiwa hata sufuria. Anachosema mjomba ni kweli neno kwa neno. Ila ukweli wote huo ulipita juu ya kichwa changu nikiwa nimeinamia daftari la jiografia, katika nyumba ambayo niliamini naijua kuliko mtu yeyote.

Nyumba yenyewe ilikuwa Tandika, nyumba ya vyumba sita na ukumbi mrefu katikati, mlango wa mbele ukiangalia barabara ya vumbi na wa nyuma ukitoka uani, kwenye jiko, bomba na choo. Kibarazani baba aliweka cherehani zake, akishona sare za shule na mashati ya wanaume. Upande wa pili wa kibaraza hichohicho mama alichoma vitumbua kila alfajiri. Vyumba viwili vya nyuma walikaa wapangaji, na mmojawapo alikuwa Mama Neema, mwanamke wa Masasi mwenye sauti kubwa na roho nyepesi. Nyumba haikuwa na dari. Kuta ziliishia chini kidogo ya bati, kwa hiyo mtu akikohoa chumba cha mbele, wa chumba cha nyuma alimwambia pole. Nimelala miaka kumi na saba chini ya bati lile, nikisikia mimba zikitangazwa, wapangaji wakisemana, wazazi wangu wakigombana. Ningeulizwa, ningekuapia kwamba katika nyumba ile siri haikuwa na mahali pa kukaa.

Mwanzoni mwa mwaka ule waligombana sana. Baba alikuwa na kiwanja Madale, milimani kule, alikokuwa akijenga taratibu, na kila akirudi kutoka huko palizuka maneno. Sikuwahi kuelewa ni maneno gani hasa. Mama alikuwa akisema, "Huko Madale unajenga nyumba au unajenga jambo jingine?" na baba alikuwa akijibu kwa kuongeza sauti ya redio. Kisha ikaja Ijumaa moja. Baada ya swala walifika Mjomba Pazi, kaka yake mama, na Shangazi Sikudhani, dada yake baba, wakiwa pamoja. Hilo tu lilitosha kushangaza, kwa sababu wawili hao walikuwa hawapatani tangu harusi ya wazazi wangu. Mimi nikatumwa nipeleke shati la mteja mpaka Mtoni Kijichi, shati ambalo mwenyewe angeweza kulifuata. Niliporudi wageni walikuwa wamekwisha ondoka. Chumbani kwa wazazi palikuwa na trei yenye vikombe vya kahawa, na kashata ambazo hakuna aliyezigusa.

Jioni ile mama alihamishia mto na khanga zake chumbani kwetu, akalala kitandani kwangu pamoja na Shabani, mimi nikatandika mkeka. Nilimuuliza kulikoni. "Mgongo," alisema. "Lile godoro la baba yenu limebonyea."

Na kuanzia kesho yake upole ukaingia nyumbani. Baba, ambaye hakuwahi kupiga hodi kwenye mlango wowote wa nyumba yake, alianza kusimama ukumbini nje ya chumba chetu na kusema, "Mama Mwantumu, hodi." Mama alijifunika khanga kichwani, akajibu, "Karibu, baba Mwantumu." Nilidhani anajipamba. Baba alikuwa akirudi na samaki, au nyama, au papai lililoiva, anampa mama kwa kupitia kwangu, na mama anavipokea huku akisema kwa sauti ya kumfikia yeye, "Mwambie baba ahsante, Mungu amzidishie." Chakula cha baba kilipakuliwa cha kwanza, kikafunikwa kawa, kikawekwa mezani ukumbini. Wali wa nazi ulikuwa wali wa nazi kweli, siyo ule wa kugombana unaopikwa kwa tui la pili. Redio ilishushwa sauti. Shabani aliacha kukojoa kitandani. Sijawahi kuona nyumba yenye furaha ya namna ile, na nasema hivi nikijua nilikuja kuolewa na mtu mwema.

Inafaa nieleze hapa jambo ambalo wakati ule sikulijua. Mtaani kwetu mwanamke akiachwa aliondoka siku ileile, godoro kichwani, watoto wa jirani wakimsindikiza kwa macho. Hivyo ndivyo tulivyoijua talaka. Lakini Mjomba Pazi alikuwa amesoma chuo cha Kurani, na katika kikao kile cha Ijumaa alishikilia kwamba mambo yafuatwe yalivyoandikwa: talaka iwe moja, mke akae eda yake humohumo nyumbani kwa mumewe, miezi mitatu, mume amlishe na kumvisha, wasilale pamoja, na katika muda huo mume akitaka kumrudia mkewe asihitaji mahari wala shehe, neno moja linatosha. Eda ikiisha bila neno hilo, basi. Shangazi akakubali. Wote wanne wakakubaliana pia kwamba mtoto mkubwa ana mtihani wa kidato cha nne, asichanganywe. Kwa hiyo ule upole niliokuwa nauchekelea ulikuwa ni adabu ya watu wawili walioachana. Mama yangu alikuwa amekaa eda kwenye kitanda changu.

Nilisoma usiku na mchana, mapaja yangu yakiwa na alama za mkeka. Juu ya ukuta zilinifikia sauti zao wakizungumza ukumbini baada ya chakula, baba kwenye kiti chake na mama kwenye kizingiti cha chumba chetu, mlango wazi. Walizungumza kwa utulivu ambao ulikuwa mgeni kwangu.

"Kile kitanda cha mninga kichukue wewe," baba alisema siku moja.

"Kibaki. Shabani akija atalalia nini?"

"Basi kabati."

"Kabati sawa. Na ile cherehani ndogo nitaiomba, kwa ajili ya kushonea viraka."

"Siyo ya kuomba, hiyo ni yako. Nitaitia mafuta kwanza."

Mimi nilikuwa nimeacha kalamu, nasikiliza na kutabasamu peke yangu. Nilikwisha pata jibu la yote: tunahamia Madale. Nyumba imefika kwenye lenta, au imeezekwa kabisa, na wazazi wangu wanapanga kipi kiende na kipi kibaki kwa wapangaji. Ndiyo maana wamepatana. Nikaanza kuijenga nyumba ile kichwani, dirisha la chumba changu likiangalia bondeni, mama akiwa na jiko la ndani lenye dari. Shuleni nikawaaga marafiki zangu mapema, kwamba matokeo yakitoka wataniulizia Madale. Kila nilipokumbuka baadaye kwamba niliwaaga watu, nilitamani ardhi ipasuke.

Nilikwenda mpaka Ubungo kumpelekea Shangazi Sikudhani habari njema. Alikuwa amekaa barazani anachambua mchele kwenye ungo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa uchangamfu, nikamwambia bila kungoja kukaa, "Shangazi, siku hizi baba na mama wanapendana. Hawagombani hata kidogo. Baba anapiga hodi."

Mikono yake ilisimama kwenye ungo. "Alhamdulillahi," akasema.

"Nadhani ni ule ujio wenu, shangazi. Mliwasuluhisha vizuri."

Akaangalia barabarani, mahali ambapo hapakuwa na kitu. "We soma, mwanangu. Ya wakubwa waachie wakubwa." Akaingia ndani, akanitolea soda ya baridi na khanga mpya, akanishikilia mkono muda mrefu wakati wa kuniaga. Nilirudi Tandika najiona mtoto mwenye bahati. Shangazi alikuwa mwanamke mkweli, aliyeweza kumwambia bwana harusi mbele ya watu kwamba viatu vyake vimechakaa, na siku ile aliniangalia usoni akanipa soda. Nimemsamehe mambo mengi marehemu yule, lakini soda ile sijamsamehe.

Mama Neema alikaribia kuniambia. Nilimkuta uani anaanika nguo, akashusha sauti yake kubwa mpaka ikawa karibu na ya kawaida. "Mwantu, mama yako kakwambia?"

"Habari za Madale? Najua zamani," nikajibu.

Akanitazama, pini ya nguo mdomoni. "Unajua? Na upo hivyo hivyo, unasoma?"

"Nifanyeje sasa, mama Neema? Si jambo la heri?"

"Haya," alisema taratibu. "Mie nilikuwa nakuonea huruma, kumbe mtoto umekomaa." Jioni akaniletea kisamvu cha karanga kwenye bakuli, akasema ni cha kunitia nguvu ya mtihani. Kwa hiyo hata mpangaji alijua. Muuza mkaa alijua. Nilipokuja kufanya hesabu ya nani hakujua, nilibaki mimi na mtoto anayevalishwa kaptula.

Na baba. Nataka kuandika kuhusu baba bila kumpendelea. Alasiri moja, mtihani ukiwa umekaribia, alikuja kukaa karibu nami ukumbini, kwenye ile benchi ya wateja. Alikuwa na futi ya kupimia shingoni. Akakishika kitabu changu, akakifungua, akakifunga. "Mwantumu," akasema, "kuna jambo." Nikainua uso. Mama akaita kutoka uani, "Baba Mwantumu, maji yako ya kuoga yanapoa." Baba akanyanyuka. "Soma, mama," akaniambia, akanigusa kichwani, akaenda kuoga saa ambayo hakuwa na kawaida ya kuoga.

Nilimaliza mtihani siku ya Ijumaa. Mama alikuwa ameniahidi pilau kesho yake, na Jumamosi niliamka kabla yake, nikatwanga bizari na kitunguu saumu mwenyewe, nikachambua mchele, nikakaanga vitunguu mpaka vikawa vya rangi ile anayoitaka. Mama alikuja jikoni amevaa gauni ambalo huwa analivaa Idd. Alisimama akaniangalia nikikoroga. "Umejua kupika, Mwantumu," alisema. Nikamwambia nimefundishwa na yeye. Akaanza kukatakata nyanya za kachumbari, na alizikata nyingi kupita watu waliotarajiwa. Walipoanza kufika Mjomba Pazi, Shangazi Sikudhani na shehe wa msikiti wetu, nilifurahi mno. Niliona kwamba kumaliza kidato cha nne ni jambo kubwa kuliko nilivyofikiri. Nilivaa ile khanga mpya ya shangazi. Nikawanawisha mikono mmoja mmoja, nikaweka masinia, nikasimama mlangoni na jagi la maji nikisubiri wanisifu, na kweli wakanisifu. Shehe alisema mchele umeiva punje kwa punje.

Walipomaliza kula, Mjomba Pazi alijifuta mdomo kwa leso, akanionyesha mkeka. "Kaa, Mwantumu. Weka hilo jagi."

Nikakaa, jagi mapajani. Nilijua wananiombea dua.

"Mwanetu, umemaliza mtihani, tunamshukuru Mungu," alisema. "Sasa umekuwa mtu mzima, utaelewa. Baba yako na mama yako waliachana. Siyo leo. Wewe hukuambiwa kwa faida yako. Eda imekwisha wiki hii, na kama unavyoona, imekwisha kwa heri, watu wanakula sinia moja. Leo nimekuja kumchukua dada yangu, nikae naye Gongo la Mboto. Shabani ataondoka na mama yake, kwa kuwa ni mdogo. Wewe utakwenda na baba yako Madale. Kuna mama yako mwingine kule, Rehema, mwanamke mzuri, na baba yako amebeba jukumu la masomo yako mpaka mwisho. Mama yako hakuutaka uke wenza, na baba yako hakumlazimisha. Kila mtu kapewa haki yake."

Nilimtazama mama. Alikuwa anaangalia sinia, anaokota punje za wali zilizodondoka mkekani moja moja na kuzirudisha. Nilimtazama baba. Baba alikuwa ananiangalia mimi, macho mekundu, midomo imefunguka kidogo, kisha akamwangalia mama, kisha akaifunga.

"Una neno, mwanetu?" aliuliza shehe kwa upole.

Maneno nilikuwa nayo. Nilitaka kusema kwamba nataka kukaa na mama yangu. Nilitaka kuuliza kwa nini mchele ule nimeuchambua mimi. Lakini nilikuwa nimefundishwa kwamba mtoto haongei mbele ya wakubwa isipokuwa kukubali, na waliokuwa wananiuliza ndio hao walionifundisha.

"Hapana," nikasema.

"Mtoto ana adabu," Mjomba Pazi aliwaambia wenzake, na shehe akaomba dua, tukaitikia amina.

Pikapu ilikuwa imekwisha egeshwa nje tangu kabla ya chakula. Baba mwenyewe alibeba kabati, yeye upande mmoja na dereva upande wa pili, akaifunga cherehani ndogo kwa khanga ya zamani ili isikwaruzike, akamweleza dereva mahali penye mashimo kwenye barabara ya Pugu. Wapangaji walitoka, majirani walisimama kibarazani. Mama alipomaliza kupakia alimgeukia baba mbele ya watu wote. "Baba Mwantumu, tumeishi. Nilichokukosea unisamehe." Baba akasema, "Nimekusamehe, nawe unisamehe." Mama Neema alilia wazi. Wanawake watatu wanne wakafuta macho na mmoja akasema hajawahi kuona. Mimi nilikuwa nimesimama na lile jagi. Waliombana radhi mbele ya mtaa mzima, na hakuna hata mmoja aliyenigeukia kuniomba mimi. Mama alinikumbatia, akasema nitakuja kumwona Jumapili, akapanda mbele pamoja na Shabani, na Shabani alinipungia mkono akidhani anakwenda kutembea.

Nyumba ya Madale ilikuwa na dari. Sikusikia kitu chochote. Bi Rehema alinipokea vizuri, alinipa chumba chenye dirisha linaloangalia bondeni, kama vile mtu alikuwa amemsimulia ndoto yangu, na wema wake ulinikera kwa sababu ulininyima hata yeye wa kumchukia. Mjomba nilimwogopa, shangazi nilimhurumia, mama nilimlilia. Aliyebaki ni baba. Basi nikamnunia baba. Nilimwamkia, nilimpikia, nilifaulu mtihani ule na mitihani iliyofuata, lakini sikukaa naye tena benchi moja. Nilipoolewa nilikaa naye dakika za kupokea mkono wake tu. Kila Idd nilikwenda Madale nimevaa vizuri, shikamoo, marahaba, nikala kidogo, nikaaga nikakimbilia kwa mama Gongo la Mboto, ambako nilikaa mpaka jioni. Wiki aliyolazwa nilimpelekea uji. Alinywa vijiko vichache, akasema uji mzuri, akaniuliza kama mama hajambo. Nikamwambia hajambo. Akasema, "Mtunze." Nilikasirika moyoni kwamba yeye ndiye anayeniagiza mtu wa kumtunza.

Watu wa mahakamani wana sifa mbaya na labda wanastahili. Lakini huwa nafikiri kwamba kule ningepata angalau hakimu wa kumlaumu. Karatasi ingebandikwa, mtu angeniita jina, mtu mgeni asiyejua mapishi yangu angeniuliza unataka kukaa na nani, na swali lingekuwa swali. Ugomvi wao ningeusikia juu ya ukuta na ningejua ninapoishi. Wao walinionea huruma, na huruma yao ilinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa miezi mitatu mizima.

Baada ya hitma nilirudi na mama Gongo la Mboto. Ilikuwa alasiri, jua bado kali, nyumba imetulia. Akavua viatu, akakaa kwenye kigoda chake jikoni, akavuta ungo wa kunde na kuanza kuzimenya kana kwamba hatukutoka msibani. Maneno ya Mjomba Pazi yalikuwa bado yananiwasha. Nikakaa mkabala naye.

"Mama, kwa nini hamkuniambia?"

Hakuuliza nini. "Si ulikuwa na mtihani."

"Hiyo ya mtihani ni sababu ya mjomba. Mie nakuuliza wewe."

Akamenya kunde kadhaa kabla ya kusema. "Baba yako alikuwa anatafuta sababu ya kunirudia. Kila akipiga hodi pale mlangoni nilijua anatafuta. Na mie, nisikufiche, nilikuwa nampenda. Neno moja tu, Mwantumu. Ungelia wewe, angelisema. Nami ningeitikia, halafu ningekaa uke wenza maisha yangu yote, na ningekuwa nimekufa zamani. Shabani alikuwa hajui kitu. Aliyekuwa na nguvu ya kuturudisha ni wewe."

"Kwa hiyo mlinificha."

"Nilikuficha mie. Baba yako alitaka kukwambia tangu Ijumaa ileile. Alinibembeleza. Mie ndiye niliyemwapisha asikwambie, na wewe kwenda Madale nilipanga mie, maana kule ungesoma."

Nilimfikiria yule mtu amelala kitandani, ananywa uji wangu kwa adabu. "Na ukaniacha nimnunie," nikasema, na sauti yangu haikuwa nzuri. "Miaka yote hiyo, mama. Kila Idd nakuja hapa namsema, wewe unanipakulia wali unanyamaza. Nimemnunia mpaka kaingia kaburini, na wewe unajua."

Mama aliweka ungo chini. Macho yake yalikuwa makavu, amechoka tu.

"Tulikubaliana," alisema. "Siku ile ya pikapu, kabla hujavaa khanga yako. Nilimwambia huyu mtoto hatatusamehe sote wawili, mmoja wetu atamchukia. Akafikiri kidogo, akasema basi awe yeye. Alisema mie nitakuhitaji zaidi uzeeni."

Nilitoka nikasimama uani kwake, kwenye jua, bila viatu. Hata chuki yangu walikuwa wameigawana kwa amani, bila kuniuliza.